Kompyuta ya Kwanta Haitafungua M-Pesa Yako Wala Kuleta Mvua Mungaa

Kompyuta ya kwanta ikitangazwa California leo, hazipiti siku mbili habari imeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya Ikungi, tena ikiwa imeongezwa chumvi njiani. Kuna mashine, inasemekana, inayomaliza kwa dakika tano kazi ya miaka isiyohesabika. Hela zote za kwenye simu ziko hatarini. Mvua itajulikana mpaka saa itakayoanguka. Mbolea itashuka bei hadi kila mtu ainunue. Na kuna kifaa cha kwanta kinachopima mwili mzima kwa dakika moja, wewe njoo tu na hela ya kipimo.

Nayajibu madai hayo nikimfikiria mtu mmoja: mkulima wa kata ya Mungaa, wilayani Ikungi, Singida, mwenye ekari chache za alizeti na uwele, kuku wa kienyeji, laini mbili za simu na mtoto aliye kidato cha nne. Mtu wa kawaida wa majarida ya teknolojia ana ofisi yenye kiyoyozi na kadi ya benki mfukoni. Huyo ameshaandikiwa vya kutosha. Na kwa kila dai nauliza kwanza jambo moja: je, shida inayotajwa ni shida ya hesabu? Kompyuta, iwe ya kwanta au hii ya stationery pale njiani, haijui kazi nyingine isipokuwa kukokotoa. Shida ikiwa ni barabara, ushuru au mtu mwongo, mashine itakaa pembeni hata iwe hodari namna gani.

“Ni kompyuta kama zetu, ila ina kasi mara trilioni”

Hili ndilo dai mama. Mengine yote yamezaliwa nalo. Desemba 2024 Google walitangaza chipu yao iitwayo Willow, yenye kyubiti 105, yaani vipande vidogo kabisa vya kukokotolea vya kwanta. Walisema ilifanya kwa chini ya dakika tano hesabu ambayo kompyuta kubwa za kawaida zingeifanya kwa idadi ya miaka inayoandikwa 1 ikifuatwa na sifuri 25. Vyombo vya habari vikaishia hapo. Wachache waliuliza hesabu yenyewe ilikuwa ya nini. Ilikuwa ni kuchota namba kutoka kwenye saketi iliyopangwa ovyo kwa makusudi. Ilichaguliwa kwa sababu inaitesa kompyuta ya kawaida na ni rahisi kwa ile ya kwanta. Jibu lake halina mwenye shida nalo, si Mungaa wala California.

Tena hadithi hii tulishasimuliwa. Oktoba 2019 Google haohao walikuja na Sycamore, kyubiti 53: sekunde 200 dhidi ya miaka 10,000. IBM wakajibu palepale kwamba kompyuta yao kubwa ingetumia siku mbili na nusu tu. Baadaye watafiti wa China wakaimaliza kwa chini ya siku moja kwa kompyuta za kawaida. Miaka 10,000 ikayeyuka.

Niwatendee haki. Willow ilifanya jambo kubwa ambalo halikupewa vichwa vya habari. Kyubiti ni kitu dhaifu mno. Joto kidogo au mtikisiko mdogo huiharibu, na kwa miaka mingi kila ukiongeza kyubiti ulikuwa unaongeza makosa. Willow ilionyesha kwamba kyubiti zikifungwa kwa makundi ili zirekebishane, kundi likikua makosa yanapungua. Wataalamu walikuwa wakilisubiri hilo tangu miaka ya 1990. Lakini huwezi kulitengenezea video ya sekunde thelathini yenye muziki wa kutisha.

Sasa hiyo kasi. Wauza maneno husema kyubiti ni 0 na 1 kwa pamoja, kwa hiyo mashine hujaribu majibu yote kwa mpigo. Wameacha sehemu muhimu. Ukiisoma, kyubiti inakupa jibu moja tu, na kama hukujipanga, jibu hilo ni la kubahatisha. Ufundi uko kwingine. Simama kando ya Ziwa Singidani utupe mawe mawili: mawimbi yakikutana kilele kwa kilele, maji hupanda zaidi, kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Mpangaji wa hesabu ya kwanta hufanya hivyohivyo, ili njia za majibu mabaya ziuane na njia ya jibu sahihi iongezeke nguvu. Kazi yote ni kuupata mpangilio huo, na kwa hesabu nyingi haujulikani. Umepatikana kwa chache tu: Richard Feynman alipendekeza mwaka 1981 kwamba mashine ya namna hii ingefaa kuiga atomu na molekuli, Peter Shor mwaka 1994 akaonyesha namna ya kupasua namba kubwa, Lov Grover mwaka 1996 akaonyesha namna ya kupekua kwa haraka kiasi. Yapo mengine, ila si mengi.

Kujumlisha daftari la duka hakumo. Kufungua video hakumo. Kwa kazi hizo kompyuta ya kwanta ni mzigo, maana hatua yake moja ni ya polepole kuliko hatua moja ya chipu ya simu yako. Nyingi kati ya hizi hufanya kazi zikiwa zimepozwa karibu kabisa na nyuzi hasi 273, ndani ya jokofu linalojaza chumba. Hakuna siku utainunua Kariakoo.

Hata wenye kampuni hawakubaliani zitafaa lini. Januari 2025 Jensen Huang wa Nvidia alisema kompyuta za kwanta zenye manufaa ziko umbali wa miaka 15 hadi 30, na hisa za kampuni za kwanta zikaporomoka siku iliyofuata. Machi akasema alikosea. IBM wameahidi mashine iitwayo Starling, yenye kyubiti 200 zilizorekebishwa makosa, ifikapo 2029. Ahadi ya kampuni inayouza bidhaa naipokea kama ninavyopokea ahadi ya mgombea: naiandika tarehe yake pembeni.

“Itafungua akaunti zote za M-Pesa kwa usiku mmoja”

Hofu hii ina mzizi wa kweli, ndiyo maana inastahili jibu refu. Sehemu kubwa ya usalama wa mtandao imejengwa juu ya hesabu rahisi kwenda na ngumu kurudi. Mpe mtoto wa shule ya msingi namba 15, atakwambia ni 3 mara 5. Ipe kompyuta yoyote ya leo namba yenye tarakimu 617 iliyotokana na kuzidisha namba tasa mbili kubwa, haitakuambia ni zipi, hata ukiiacha iwake maisha yako yote. Kufuli liitwalo RSA limesimama hapo. Njia ya Shor inalivunja.

Inalivunja kwenye karatasi. Mwaka 2001 watafiti wa IBM walitumia mashine ya kyubiti saba kupasua namba 15, wakapata 3 na 5. Naam, ileile 15. Kuhusu namba yenye tarakimu 617, Craig Gidney na Martin Ekerå walikisia mwaka 2019 kwamba zingehitajika kyubiti milioni 20 kwa saa nane. Mei 2025 Gidney alirudi na hesabu mpya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Chipu ya IBM iitwayo Condor, ya mwaka 2023, ilikuwa na kyubiti 1,121. Kwa hiyo makisio yanashuka na mashine zinapanda, na kuna siku vitakutana. Asemaye haitatokea kamwe anajidanganya, na asemaye ni kesho anauza kitu.

Tuje kwenye simu ya huyu mkulima. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na Mungaa watu wengi wanaitumia kwa kitochi, kwa kubonyeza nyota na reli. Ndani ya laini yake kuna ufunguo wa siri, na pacha wa ufunguo huo uko kwa kampuni ya simu. Simu na mtandao hutambuana kwa ufunguo huo wa pande mbili, si kwa kufuli la namba tasa, na njia ya Shor haina la kufanya hapo. Ya Grover inaweza kuupunguzia nguvu, na dawa yake ni kurefusha ufunguo. Mitambo ya kampuni na mabenki, inayozungumza kwa mtandao wa intaneti, hiyo ndiyo italazimika kubadilishwa makufuli. Ni kazi ya wahandisi wao, na mkulima hatakiwi kufanya lolote.

Na namba ya siri? Ina tarakimu nne, yaani michanganyiko 10,000. Mtu mwenye kalamu anaweza kuiandika yote wikiendi moja. Haijalindwa na ugumu wa hesabu hata kidogo. Inalindwa na mfumo unaojifunga ukikosea mara chache. Mashine ya kwanta ikikosea mara hizo, nayo inafungiwa nje.

Hela za watu wa Mungaa zinapotea, hilo halina ubishi. Zinapotea kwa ujumbe usemao “ile hela nitumie kwenye namba hii”. Zinapotea kwa simu ya mtu anayejifanya ni wa huduma kwa wateja, kwa mzee kumpa kijana wa kibandani namba ya siri amsaidie kutoa, na kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Ujumbe wa kitapeli unauripoti kwa kuutuma kwenda 15040. Laini zilizosajiliwa kwa jina lako unazikagua kwa *106#. Utapeli huu hauna kyubiti hata moja ndani yake. Una sauti ya upole na haraka ya uongo, na hauponi kwa hesabu.

“Itajua mvua ya Mungaa itanyesha lini”

Singida hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kinachomuua mkulima wa huku mara nyingi ni pengo: mvua za kwanza zinakuja, anapanda, mbegu zinachipua, halafu Januari au Februari mbingu zinafunga wiki tatu. Na mvua yenyewe ina upendeleo. Inaweza kunyesha Makiungu ikaruka Ntuntu. Anayeahidi kuliona pengo hilo mapema anagusa panapouma.

Hali ya hewa ni hesabu kwelikweli, kwa hiyo hapa dai linavuka swali langu la kwanza. Linakwama mbele kidogo. Utabiri unahitaji kumeza vipimo vingi mno vya joto, upepo na unyevu, kisha kutoa ramani nzima ya majibu. Kompyuta ya kwanta ina mlango mwembamba: kuingiza takwimu nyingi ni taabu, na mwisho wa yote unasoma kidogo tu. Kuna njia zinazopendekezwa kwenye makaratasi, ila hakuna kituo cha utabiri kinachoitegemea hata moja.

Mabadiliko makubwa ya utabiri yametokea kwingine, tena juzi tu. Mwaka 2023 programu ya akili unde iitwayo GraphCast ilionyesha kwamba inaweza kutoa utabiri wa siku kumi kwa chini ya dakika moja kwenye mashine moja. Februari 2025 kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kikaanza kutumia rasmi programu yake ya aina hiyo. Mwaka huohuo serikali ya India ikawatumia wakulima wapatao milioni 38 ujumbe wa simu kuhusu kuanza kwa msimu, ukitokana na programu kama hizo. Zote zinaendeshwa kwenye kompyuta za kawaida.

Kwa hiyo kinachokosekana Mungaa si kasi. Vinakosekana vipimo vya mvua vya kutosha, maana programu haiwezi kujua Ntuntu kulirukwa kama hakuna aliyepima. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya Novemba. Kati ya ofisi yao na shamba la huyu mkulima yuko afisa ugani, na afisa ugani anahitaji usafiri. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Pikipiki moja ya hizo, ikiwa na mafuta, imemfaa mkulima kuliko Willow na kyubiti zake zote 105.

Wapo pia wanaosema itamtafutia soko bora la alizeti. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliposhuka, kilio cha wakulima wa Singida kilikuwa kuhusu ushuru wa mafuta yanayoingizwa kutoka nje. Ushuru hupangwa bungeni.

“Itatengeneza mbolea ya bei rahisi”

Hapa nalegeza sauti, kwa sababu kati ya madai yote hili ndilo lenye mantiki nzuri kuliko mengine. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa viwandani kwa njia ya Haber na Bosch, kwa joto la mamia ya nyuzi na shinikizo kubwa, ikila asilimia moja hadi mbili ya nishati yote ya dunia. Wakati huohuo, kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, karanga na choroko, bakteria wanafanya kazi hiyohiyo kwa joto la udongo, bila moshi. Wanatumia kimeng’enya ambacho moyo wake ni kifundo kidogo cha chuma, salfa na molibdeni. Elektroni za kifundo hicho zimefungamana kiasi kwamba kompyuta za kawaida zinashindwa kuzikokotoa kwa usahihi. Mwaka 2017 Markus Reiher na wenzake walionyesha kwamba kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingeweza. Hii ndiyo kazi aliyoifikiria Feynman, na ndiyo shida ya hesabu hasa.

Ila angalia safari iliyobaki. Kwanza ipatikane mashine. Kisha hesabu ieleweke, mkemia atengeneze kichocheo kinachofanana, kiwanda kijengwe, mbolea ipakiwe, ipite bandari ya Dar es Salaam, ifike Singida, na wakala aiuze kwa bei elekezi. Kompyuta inahusika na hatua mbili za mwanzo. Mbolea ilipopanda bei mwaka 2022, sababu zilikuwa gesi na vita vya Ukraine, na nafuu ya mkulima ilitoka kwenye ruzuku iliyozinduliwa Agosti mwaka huo.

Na Wanyaturu, wenyeji wa huku, hawakuwa wakisubiri. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya uchumi wao, aliandika namna samadi ya ng’ombe ilivyokuwa mali yenye thamani, ikibeba kilimo cha uwele na mtama mwaka hadi mwaka kwenye mashamba yaleyale. Kuzungusha kunde na karanga na nafaka ni kuajiri bakteria walewale ambao Reiher anataka kuwaelewa, tena bila mshahara.

Lipo pia dai kwamba italeta dawa mpya; nalipita haraka kwa sababu jibu lake ni lilelile. Ndiyo, kuiga molekuli kutasaidia wanaobuni dawa. Lakini chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto mwaka 2021. Ya pili, R21, ilipendekezwa 2023 baada ya kujaribiwa kwa watoto 4,800, baadhi yao wa Bagamoyo. Muda mwingi huliwa na kuchanja watoto, kuwafuatilia, kuhesabu wanaougua. Mtoto haugui kwa kasi ya kompyuta.

“Kipimo cha kwanta kinaonyesha magonjwa yote”

Huku sasa kwanta imeshafika kwa mtu wa kawaida, na imefika kama wizi.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo chenye waya wa kuunganisha na kompyuta na kijiti cha chuma cha kushika mkononi. Kabla ya kupima, programu inauliza jina, jinsia, umri, urefu na uzito wako. Hapo mwenye akili anashtuka. Unashika chuma, dakika moja inapita, na karatasi zinatoka: ini, figo, moyo, mifupa, madini, homoni. Karatasi zinapendeza, zina vipimo vya desimali mbili. Daima kuna kitu kimepungua, na daima mwenye kisanduku anauza virutubisho vya kukiongeza.

Ndani ya kisanduku hakuna kompyuta ya kwanta. Tumeshaona kwamba nyingi zinahitaji jokofu la karibu nyuzi hasi 273, linalojaza chumba. Hakuna ini linalotuma habari zake mpaka kwenye kiganja. Ukiingiza taarifa za mtu wa miaka 60 mwenye uzito mkubwa, hata mimi bila kisanduku nitabahatisha kwamba magoti yanamsumbua. Kinachoudhi ni kwamba Mungaa ina Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista wamisionari miaka ya 1950, ambako presha inapimwa kwa kipimo cha presha na malaria inatafutwa kwenye damu. Mgonjwa wa sukari anayeacha dawa kwa sababu karatasi ya kisanduku ilisema kongosho lake ni zima anaweza kufa kwa ajili ya karatasi.

Wakijibiwa hivi, wauzaji hukimbilia hoja moja: kwani fizikia ya kwanta haitumiki hospitalini? Inatumika. Mashine za MRI zinaitegemea, na mionzi ya leza pia. Inatumika hata juu ya paa la bati, kwenye sola, na ndani ya kitochi, kwenye transista iliyobuniwa mwaka 1947. Mtu wa Mungaa amekuwa akinufaika na fizikia ya kwanta tangu aliponunua redio ya kwanza. Fizikia ya kwanta ni jambo moja, kompyuta ya kwanta ni jingine, na neno la kwanta lililobandikwa kwenye kisanduku ni la tatu. Utapeli wote huu umepita kwenye mwanya kati ya hayo matatu.

Ndugu yake ni uwekezaji. Mei 2024 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Hong Kong ilitoa onyo juu ya jukwaa la biashara lililojiita Quantum AI, lililotumia video za kughushi za Elon Musk. Matangazo ya aina hiyo hayana mpaka. Yanaingia kwenye Facebook ya Ikungi kama yanavyoingia ya Hong Kong. Watanzania tunalijua umbo hili kwa majina mengine. Upatu wa DECI uliwaambia watu wapande mbegu wavune, ukaanguka mwaka 2009. Februari 2025 polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa kwa tuhuma za LBL, iliyoahidi malipo kwa kutazama matangazo kwenye simu. Ukiitwa kwenye semina ya fursa na neno kwanta likatajwa, muulize mtoa mada kyubiti ngapi, ziko wapi, na zinakokotoa nini. Akikujibu kwa kukuonyesha picha ya gari lake, chukua kofia yako.

“Tuna heliamu, kwa hiyo tutatajirika na kwanta”

Hili nimelisikia kwa wasomi. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza heliamu nyingi katika Bonde la Rukwa, na kampuni hiyo ilichukua leseni pia maeneo ya Eyasi na Balangida, majirani wa Singida. Majokofu ya kwanta yanatumia heliamu, ni kweli. Ila baridi ile ya mwisho hupatikana kwa kuchanganya heliamu ya kawaida na heliamu-3, iliyo adimu mno na ambayo kwa kiasi kikubwa hutokana na kuoza kwa tritiamu ya mitambo ya nyuklia. Ya Rukwa ni ile ya kawaida. Itauzwa kwa mashine za MRI na viwanda vya chipu, na faida ya nchi itategemea mikataba.

“Basi haituhusu kabisa, tuachane nayo”

Hili ni dai la wajanja, na nalo si kweli.

Kuna kitu wataalamu wa usalama wanakihofia: mtu kuiba taarifa zilizofungwa leo, kuziweka ghalani, na kuzifungua siku mashine ikiwa tayari. Ujumbe wa “nimefika salama” hauna thamani baada ya miaka ishirini. Alama za vidole zilizoko NIDA, kwenye mamlaka ya vitambulisho vya taifa, zinayo, kwa sababu namba ya siri unaweza kubadilisha lakini dole gumba huwezi. Hati za ardhi na mafaili ya wagonjwa nazo ni za kudumu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kuisimamia. Mkulima wa Mungaa hawezi kukagua makufuli ya serikali, ila mbunge wake anaweza kuuliza yatabadilishwa lini.

Makufuli mapya yapo. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vilivyobuniwa kuhimili njia ya Shor, na vinaendeshwa kwenye kompyuta za kawaida. Programu ya Signal ilianza kujikinga kwa njia ya aina hii tangu Septemba 2023, Apple ikafuata kwa iMessage mwaka 2024, na kivinjari cha Chrome kikaingia mwaka huohuo. Kwa hiyo faida ya kwanza ya enzi ya kwanta kumfikia mtu wa kawaida ni kinga dhidi ya kompyuta ya kwanta, na imekuja kimyakimya ndani ya masasisho ya programu. Anayeikosa ni mwenye simu janja ya zamani iliyoacha kusasishwa. Simu hizo ndizo zilizojaa mnadani.

Halafu kuna yule mtoto wa kidato cha nne. Anaambiwa kwanta ni ya vichwa vya Ulaya. Muhula huu anafundishwa matrisi za mbili kwa mbili, na kitendo kinachofanywa juu ya kyubiti moja huandikwa kwa matrisi ya mbili kwa mbili. Liko lango liitwalo Hadamard: mstari wa kwanza ni 1 na 1, wa pili ni 1 na hasi 1, vyote vikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Anaweza kulizidisha kwenye daftari lake la sasa hivi. Akifika kidato cha sita na kusoma namba changamano, atakuwa na sehemu kubwa ya lugha inayohitajika. Tangu Mei 2016 IBM wamefungua kompyuta za kwanta kwa umma kupitia intaneti, programu ya Qiskit ni ya bure, na akaunti isiyolipiwa inampa dakika chache za mashine halisi kila mwezi. Dakika hizo zinatosha kulijaribu lango hilo mara elfu. Majibu yanatakiwa yagawanyike nusu kwa nusu kati ya 0 na 1. Yatatoka yamepinda kidogo: sehemu ya kupinda huko ni bahati tu, na sehemu ni makosa ya mashine, ambayo wahandisi wa Google na IBM wanahangaika nayo hadi leo.